Maswali yenu: hela, kadi na gari ukizunguka Ulaya

Mwezi huu karibu barua zote zimekuja na jambo moja, watu wanataka kukodi gari wazunguke Ulaya na wanauliza hela wazibebeje, barabara zinalipiwaje, faini zinatoka wapi. Nimechukua tano nizijibu kwa kirefu kidogo, maana nyingi zinafanana na ukisoma ya mwenzio utapata na yako humo.

Dada, salaam. Sisi ni marafiki wanne hapa Dar, viza za Schengen tumepata juzi tu. Tunashukia Munich, tunachukua gari, tunapita Salzburg, Ljubljana, Venice, Milan, Zurich alafu tunarudisha gari Munich. Mmoja wetu ana kadi ya debiti ya benki, waliobaki tuna kadi ya M-Pesa ya mtandaoni na euro za mkononi. Tumepiga hesabu ya gari, mafuta, hoteli na chakula, hela inatosha na inabaki. Kuna kitu tumesahau? — Wanne wa Kinondoni

Wadogo zangu, hongereni, najua viza hiyo imewatoa jasho. Hesabu yenu kwa hela mtakayotumia iko vizuri. Ila hamjahesabu hela itakayoshikiliwa, na hapo ndo watu wengi wanaotoka kwetu wanakwama siku ya kwanza kabisa, wako kaunta ya magari uwanja wa ndege, hela wanayo na gari hawapewi.

Iko hivi. Ukikodi gari kampuni inashika dipoziti kwenye kadi yako, mara nyingi ni euro mia kadhaa na kwa gari kubwa au bima ndogo inaweza kupita elfu moja. Hawajakukata, wameifungia tu mpaka urudishe gari likiwa zima. Mwenye kadi ya mkopo haumii sana kwa sababu inayofungiwa ni limiti ya benki, lakini mwenye debiti inayofungiwa ni hela yake mwenyewe ya kula, na hata wakishaiachia inaweza kuchukua siku kadhaa mpaka wiki mbili kuonekana kwenye akaunti. Sasa nyie mna debiti moja kati ya watu wanne na ndo hiyo hiyo mnategemea itoe hela kwenye ATM, ilipe hoteli na iweke mafuta. Itafungwa Munich na mtafika Salzburg mnategemea noti za mfukoni.

Alafu kampuni nyingi hazipokei debiti kabisa kwa dipoziti, wanataka kadi ya mkopo, iwe ya plastiki ya kushikika mkononi, na jina lililoandikwa juu yake liwe lile lile la dereva mkuu. Kadi ya M-Pesa ya mtandaoni ni nzuri sana kwa kulipia vitu intaneti, stika za barabara, tiketi za makumbusho, vyumba, lakini pale kaunta hakuna cha kuchomeka kwenye mashine. Kwahiyo kabla hamjalipia gari fungueni masharti ya hiyo ofisi ya Munich mnayochukulia, sio ya kampuni kwa jumla, msome sehemu ya kadi za malipo neno kwa neno. Wengine wanakubali debiti ukinunua bima yao kamili ya kaunta, ambayo ni ghali, ila inashusha dipoziti na inaondoa kile kiasi ambacho ungekilipa mwenyewe gari likikwaruzwa. Kwa watu wanaoendesha upande wa kulia kwa mara ya kwanza mimi ningeilipia bila kujiuliza mara mbili. Kama kuna mmoja wenu benki yake inaweza kumpa kadi ya mkopo, aanze kuifuatilia leo, na huyo ndo awe dereva mkuu.

Kwenye masharti hayo hayo angalieni na orodha ya nchi. Mnavuka Austria, Slovenia, Italia na Uswisi, lazima wajue na waruhusu, maana kuna kampuni za Ujerumani haziruhusu magari ya kifahari kuingia Italia na ukivuka bila ruhusa bima inakufa. Chagueni gari la kawaida. Na kama mmezoea otomatiki andikeni otomatiki wakati wa kubuku, huku magari ya bei ya chini mengi ni manyuo. Leseni ya kimataifa mnaipata huko huko nyumbani kwa AA ya Tanzania, huku Ulaya hakuna wa kuwapa, na inatembea pamoja na leseni yenu ya kawaida, peke yake haina nguvu.

Sasa hela ya mkononi. Shilingi msibebe, huku kuipata sehemu ya kuibadilisha ni kazi bure. Nunueni euro Dar na muombe noti za 20 na 50, kwa sababu ile ya 500 ilishaacha kutolewa tangu 2019 na hata ya 200 maduka mengi yanaikataa waziwazi. Haina haja ya kubeba kila kitu taslimu. Kisheria ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya na euro 10,000 au zaidi lazima uitangaze, nyie hamtafika huko, ila kiusalama tu gawaneni, kila mtu na zake. Ujerumani bado wanapenda taslimu, kuna migahawa midogo na mabanda ya soko hayana mashine ya kadi, na choo cha kwenye vituo vya barabara kuu mara nyingi kinataka sarafu (vile vya Sanifair unalipa euro 1 na unapewa vocha ya kiasi hicho ya kununulia kitu dukani, msiitupe). Uswisi ni faranga sio euro, mkilipa kwa noti za euro chenji mnarudishiwa kwa faranga na kwa bei wanayotaka wao, hapo tumieni kadi.

ATM tumieni iliyo kwenye ukuta wa benki. Zile zinazosimama peke yake karibu na vivutio vya watalii zina makato makubwa. Na popote mtakapokuwa, mashine ikiwauliza kama mnataka ikate kwa shilingi za Tanzania, kataeni. Inakuonyesha kiasi kamili kwa shilingi, inaonekana ni msaada, kumbe hapo mwenye mashine ndo anajipangia bei ya kubadilisha na anajiwekea faida yake juu. Chagueni euro, au faranga mkiwa Uswisi, na msiogope kitufe cha kukataa, hela inatoka vile vile. Swali hilo hilo mtaulizwa hotelini na madukani, jibu ni hilo hilo. Kabla ya kuondoka mpigie benki simu wafungue kadi kwa matumizi ya nje na muulize kikomo cha kutoa kwa siku, na namba ya siri muijue kwa kichwa, kugusisha kadi kwenye mashine bila namba kwa kawaida kunaishia euro 50.

Barabara zenyewe ziko hivi kwa njia yenu. Ujerumani gari dogo halilipii barabara kuu. Austria mnahitaji vinyeti, ni kama stika ya ruhusa ila siku hizi inaunganishwa na namba ya gari kwa mtandao, ya siku 10 ni euro 12 na ushee. Lakini mkitoka Salzburg kwenda Ljubljana mnapita barabara ya Tauern na handaki la Karawanken, hizo mbili haziko kwenye vinyeti, mnalipa pale pale. Slovenia nayo ina vinyeti yake, ya wiki ni euro 16, na ukikamatwa huna vinyeti faini inaanzia euro 300, kwahiyo nunueni kabla hamjavuka. Italia ni kwa kilomita, mnachukua tiketi mkiingia na kulipa mkitoka. Mkifika kwenye vibanda vyao angalieni rangi ya juu, njia ya manjano ya Telepass ni ya wenye kifaa maalum, msiingie, ya buluu ni kadi, nyeupe yenye picha ya mkono na sarafu ni taslimu. Mkikosea mbonyeze kitufe cha msaada, kamwe msirudi nyuma kwa rivasi. Uswisi inauza vinyeti ya mwaka mzima tu, faranga 40, hata kama mnapita siku moja, na humo handaki la Gotthard limo. Gari la Munich linaweza kuwa na baadhi ya vinyeti tayari, waulizeni wakati wanawapa funguo ili msilipe mara mbili.

Mafuta hayatawatisha. Mzunguko wenu wote ni kama kilomita 1,550, gari dogo la petroli likila lita 6.5 kwa kila kilomita 100 ni lita mia moja tu, tukiweka euro 1.80 kwa lita ni euro 180, mkigawana 45 kila mtu. Venice gari haliingii, liacheni Mestre, upande wa nchi kavu, mpande treni, ni dakika kumi hivi. Paspoti zikae karibu, msizizike kwenye mabegi ya buti, maana pamoja na kwamba nchi zote hizo ziko Schengen, eneo lisilo na ukaguzi wa kawaida mipakani, Ujerumani sa hivi wanakagua mipaka yao ya nchi kavu na Italia wanakagua upande wa Slovenia.

Na la mwisho kwenu, ambalo naona ndo zito kuliko yote. Mwenye kadi anawabebea wenzake mzigo. Dipoziti iko kwake, gari likikwaruzwa anakatwa yeye, faini ikija inakuja kwa jina lake miezi mingi baadaye wakati nyie wengine mshasahau. Kaeni chini kabla ya safari muandike, hata kwenye grupu lenu la WhatsApp inatosha, kwamba uharibifu ni wa wote wanne au ni wa aliyeshika usukani siku ile, na kila mtu amwachie huyo mwenzenu akiba kidogo ambayo haiguswi mpaka muda upite. Gharama za kila siku wekeni kibubu kimoja cha taslimu mnachochangia sawa, mmoja anakishika, kikiisha mnachanga tena. Nimeona urafiki wa tangu shule ya msingi ukivunjika kwa sababu ya mambo ya namna hii, na hawakuwa watu wabaya, hawakuongea mapema tu.

Dada mimi swali fupi. Nikifika sheli Italia au Ufaransa nitajuaje dizeli ni ipi? Rafiki yangu aliweka petroli kwenye gari la dizeli akalipa hela nyingi. — Mama Mjasiriamali, Arusha

Mama, usitazame jina, tazama alama. Tangu 2018 nchi za Umoja wa Ulaya zimeweka lebo moja kwenye pampu na pia ndani ya kifuniko cha tenki la gari, petroli ni duara lenye E5 au E10, dizeli ni mraba wenye B7. Umbo la kwenye pampu lifanane na la kwenye kifuniko, basi. Majina ndo yanayochanganya watu, gasolio ya Italia, gazole ya Ufaransa na gasóleo ya Hispania zote ni dizeli, lakini gasolina ya Hispania ni petroli, na pale Ujerumani Benzin ni petroli.

Kuna na mambo ya kulipa. Ujerumani unajaza kwanza alafu unaingia ndani kulipa. Italia na Ufaransa, hasa usiku na Jumapili, mashine inataka kadi kwanza na inashikilia kiasi kikubwa, mara nyingi euro 100 au zaidi, hata kama umeweka ya 40. Baadae wanaachia, ila kama salio lako ni dogo kadi inakataliwa kabla hujagusa pampu. Italia pia pampu moja inakuwa na bei mbili, self unajaza mwenyewe, servito unajaziwa na kila lita inapanda. Na mafuta ya barabara kuu ni ghali kila nchi, Ufaransa toka nje kidogo ukajaze kwenye supamaketi kama Carrefour au E.Leclerc.

Jambo mama. Sisi ni familia ya Bukavu, tunaishi Brussels. Likizo tunataka kupeleka watoto baharini upande wa Caen, Ufaransa, na gari yetu. Ndugu mmoja anasema barabara ya huko haina tena vibanda vya kulipa, kwa hiyo ni bure. Ni kweli? — Baba wa watatu

Baba, vibanda kweli vimeondolewa lakini bure si bure. Barabara ya A13 ya kwenda Normandy ilibadilishwa 2024, sasa kuna milingoti yenye kamera inapiga picha namba ya gari mkiwa kwenye mwendo, hakuna kusimama. Una saa 72 za kulipa, kwenye tovuti ya Sanef, kampuni ya barabara hiyo, kwa kuandika namba ya gari, au kwa taslimu kwenye maduka ya tumbaku yenye huduma hiyo. Ukipitisha muda inageuka faini, na namba ya Ubelgiji haikufichi. Mimi ningemkabidhi mmoja ndani ya gari, mama watoto au kijana mkubwa, kazi ya kulipa jioni hiyo hiyo mkifika, kwa sababu ukiwa na watoto watatu baharini saa 72 zinapita kabla hujakumbuka. A79 katikati ya Ufaransa nayo iko hivyo tangu 2022. Barabara nyingine nyingi za kulipia Ufaransa bado zina vibanda na kadi inafanya kazi.

Shikamoo dada. Niko Hamburg, wazazi wangu wanakuja kutoka Tanga kunitembelea na tunataka kwenda mpaka Denmark na gari langu. Baba ameendesha magari maisha yake yote na anasema tutapokezana usukani. Sitaki kumvunjia heshima. Nifanyeje? — Binti Tanga

Marahaba mwanangu. Kisheria mzee anaweza, akiwa mgeni wa muda mfupi leseni yake ya Tanzania pamoja na ile ya kimataifa zinakubalika. Wewe mkaazi ndo una sheria nyingine, leseni ya nyumbani inakufa baada ya miezi sita na sisi hatumo kwenye orodha ya nchi zinazobadilishiwa bila mtihani, ila naamini hilo ulishalimaliza.

Kizuizi cha kweli ni bima yako. Ujerumani bima ya gari inataja nani anaruhusiwa kuendesha, wengi tumeweka jina letu peke yetu ili tulipe kidogo. Baba akishika usukani bila kuongezwa na ikatokea ajali, aliyeumizwa atalipwa lakini kampuni inaweza kukurudia wewe, na gari lako lenyewe linaweza lisilipwe lote. Wapigie umuongeze kwa muda huo wa ziara, makampuni mengi yanafanya na nyongeza yake mara nyingi haiumizi. Ukishafanya hivyo umempa heshima yake yote, hujamwambia hawezi, umemuandalia.

Alafu msimuanzishie kwenye Autobahn, barabara kuu za Ujerumani. Tanga tunaendesha kushoto, huku ni kulia, na mtu aliyezoea miaka yote mkono unamwelekeza upande wa zamani hasa akitoka kwenye maegesho au njia panda ambayo haina magari mengine ya kufuata. Mpe asubuhi ya Jumapili, maduka yamefungwa na barabara za mjini ziko tupu, wewe ukae pembeni yake. Umwambie na hii ya foleni: magari yakisimama kwenye barabara kuu, wa njia ya kushoto kabisa wanabana kushoto na wengine wote kulia ili ambulensi ipite katikati, asiyefanya analipa euro 200 na anaweza kunyimwa kuendesha mwezi mzima. Denmark wana krona zao, kadi inatosha karibu kila mahali, usihangaike kubadilisha noti.

Assalaam alaykum. Niko Muscat. Tulikwenda Florence kwa gari la kukodi, miezi mitano imepita, sasa kampuni imenikata euro 45 bila kuniuliza na wanasema ni kwa ajili ya faini. Nimelipa faini au sijalipa? — Msomaji wa Muscat

Wa alaykumu salaam ndugu yangu. Hujalipa. Hizo 45 ni ada ya kampuni ya kuwapa polisi jina na anwani yako, ipo kwenye mkataba uliosaini, faini yenyewe bado iko njiani. Miji ya Italia katikati yake kuna ZTL, eneo la wenye vibali tu, kamera inasoma namba ukipita kwenye ile alama nyeupe yenye duara jekundu, hakuna geti wala askari wa kukusimamisha. Florence na Roma ndo zinawakamata wageni wengi. Kwa mtu anayeishi nje ya Italia wana mpaka siku 360 za kukuletea barua, kwahiyo miezi mitano ni kawaida.

Barua ikifika usiitupe na usisubiri. Ukilipa ndani ya siku 5 tangu uipokee kuna punguzo la asilimia 30, na ukiona si haki una siku 60 za kupinga kwa maandishi. Kuna sababu moja ya kupinga yenye nguvu, kama hoteli yako ilikuwa ndani ya eneo hilo, maana hoteli nyingi zinaweza kuandikisha namba ya gari la mgeni wake ukiwapa mapema au ndani ya muda mfupi baada ya kufika. Tafuta uthibitisho wa buking yako sasa hivi wakati bado upo kwenye barua pepe, uwaandikie hoteli uwaulize kama waliipeleka namba ile na tarehe gani, wakikujibu ndio omba wakupe kwa maandishi. Na angalia kwenye barua saa na mtaa wa kila faini, kwa sababu ada ya kampuni inakatwa kwa kila faini, kwahiyo kama zile 45 zimekatwa mara moja tu tegemea barua moja, zikikatwa tena ujue kuna nyingine inakuja.